UKOO WA MZEE LUGENDO

Dada Suzi 07:12
Familia, narudia ya jana maana mmesoma wote mkanyamaza. Mgongo wa Masanja unamuuma toka mwezi wa tatu. Usiku ndo unazidi. Jioni homa, akilala jasho linalowanisha shuka, suruali zinamdondoka. Barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya Sekou Toure anayo tangu Ijumaa. Nani anampeleka?

Doto 09:40
Si magunia ya dagaa hayo dada. Mwaloni Kirumba nani haumwi mgongo

Juma
Dagaa wenyewe sado bei gani siku hizi 😂

Doto
Usiulize 😂😂 tutakula sangara kama matajiri

Dada Suzi
Jamani!! Mgongo wa mizigo ukipumzishwa unapoa. Huyu kapumzika na unazidi. Nimempapasa mwenyewe, kuna pingili imetokeza. Daktari wa zahanati anahofia TB ya uti wa mgongo.

Shemeji Paulo
TB bila kikohozi?

Dada Suzi
Ndiyo shem. Vimelea vinapita kwenye damu vinaenda kula pingili taratibu. Makohozi yanaweza kutoka safi kabisa. Inatakiwa picha ya mgongo. Dawa ni bure, ila ya mifupa ni mwaka mzima, siyo miezi sita.

Mama Kulwa
Bure. Hata ile ya Nansio tuliambiwa bure, na michango yetu haijasomwa mpaka leo

Juma
🙊

Dada Suzi
Mama Kulwa nakuomba, siyo leo.

Mama Kulwa
Nimesema tu

Masanja 11:25
Shikamooni. Naendelea vizuri. Ila toka juzi miguu ina ganzi, mlima wa hapa Mabatini napanda nimeshika ukuta. Mjomba anakuja kunikanda tena jioni

Dada Suzi
Masanja!! Na mkojo?

Masanja
Nakuja pembeni dada

Babu Sengerema 11:51
Nimesomewa. Bundala mdogo wangu alianza hivyo hivyo. Miguu ikafa ganzi, tukamkanda. Mnajua wenyewe alitambaa mpaka tunamzika. Huyu asikandwe. Aende leo.

Doto
Shikamoo babu 🙏

Shemeji Paulo
Shikamoo babu

Dada Suzi 12:10
Mmesikia. Bodaboda hapana, nataka gari alale chali. Baba Jeni?

Baba Jeni 13:32
Niko Magu, narudi jioni

Juma
Natuma elfu ishirini

Doto
Mimi mwisho wa mwezi dada

Dada Suzi
Teksi nimeipata, tunatoka saa nane. Wa kulala naye wodini bado. Paulo? Doto?

Shemeji Paulo 17:05
Nacheki zamu kazini nikujibu

Kulwa 22:48
Samahani ndo naona. Wamempokea? Mjomba anajua kwamba asije?