Jengo la kumbukumbu limegeuzwa ukumbi wa kukodisha, majina ya marehemu yamefunikwa

Wakuu, heshima zenu.

Nimevumilia kwa miezi kadhaa nikidhani hasira itapoa, lakini baada ya mazoezi ya kwaya ya juzi nimeshindwa. Jengo letu la kumbukumbu, ambalo waliotutangulia walilijenga kwa kuchangishana ili kuwaenzi waliokufa vitani na papo hapo liwe nyumba ya muziki na maigizo, limefanyiwa kinachoitwa ukarabati, na mimi sijapata jina la staha la kukiita.

Naanza na ukuta wa mlangoni. Majina yaliyochongwa kwenye marumaru, ambayo kila mtazamaji aliyapita kabla ya kwenda kuketi, yamezibwa kwa mbao za jipsamu, na juu yake yametundikwa mabango ya wadhamini. Nilipomuuliza msimamizi, alinijibu bila haya kwamba majina hayajaenda popote, yako nyuma ya mbao. Kujenga ukumbi badala ya mnara, jambo lililopendwa sana katika nchi nyingi baada ya vita viwili vya dunia, kulikuwa na maana moja: wafu wakumbukwe pale pale walio hai wanapokutana. Ukishayafunika majina, kinachobaki ni chumba kikubwa chenye viti.

Na hata chumba chenyewe wamekiharibu. Wamezungushia kuta sponji, wametandika zulia zito hadi chini ya jukwaa, na dari ya plasta iliyorudisha sauti kwa uzuri wameificha kwa dari ya kuning'inia. Tangu siku za Wallace Sabine, mwanafizikia ambaye hesabu zake zilitumika kujenga Symphony Hall ya Boston iliyofunguliwa mwaka 1900, inajulikana kwamba muda ambao sauti hudumu ukumbini hutegemea ukubwa wa ukumbi na wingi wa vitu vinavyoifyonza. Hotuba hutosheka na sekunde 1 hivi; okestra na kwaya huhitaji karibu sekunde 2. Walichotengeneza ni ukumbi wa semina, kisha wanatushauri tukodi vipaza sauti (vya kwao, bila shaka). Waimbaji wetu wa sauti ya kwanza sasa wanasikika kama wamefungiwa kabatini.

Sijasahau milango miwili ya dharura ya upande wa kushoto, ambayo imefungwa kwa mnyororo na kufuli. Mwaka 1903 moto uliua watu zaidi ya 600 katika ukumbi wa Iroquois, Chicago, na wengi wao walikwama kwenye milango isiyofunguka. Kamati inayojigamba kwa ukarabati inawezaje kulipita jambo hili?

Utetezi wao ni kwamba jengo ni kuukuu na lilihitaji kuendana na wakati. Jengo la opera la kumbukumbu ya vita la San Francisco, lililofunguliwa mwaka 1932, lilifungwa kwa matengenezo makubwa baada ya tetemeko la mwaka 1989 na kufunguliwa tena mwaka 1997, na bado ni jengo la opera. Jengo pacha lililo kando yake, ambamo Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulitiwa saini mwaka 1945, liliimarishwa dhidi ya matetemeko na kufunguliwa tena mwaka 2015, na michoro mikubwa ya Frank Brangwyn ingali kwenye kuta za ukumbi wake. Kumbe inawezekana kukarabati bila kufuta.

Tumeandika barua mbili na hakuna iliyojibiwa. Lililonifanya nifungue uzi huu ni kwamba wiki hii ubao mmoja umelegea pembeni, nikachungulia kwa tochi ya simu: skrubu zimepigwa moja kwa moja kwenye marumaru, na angalau moja imepita katikati ya jina. Kama humu yupo fundi wa mawe, naomba anieleze iwapo herufi iliyopasuka namna hiyo inaweza kuzibwa, na mbao zitolewe vipi bila kuongeza nyufa, maana nataka kuingia kwenye kikao kijacho cha kamati nikiwa na jibu mkononi.