St Helena: meli mpya au uwanja wa ndege?

Baharia wa Tanga: Ndugu wanajamvi, naomba tulinganishe njia mbili ambazo serikali ya Uingereza ilikuwa nazo kwa St Helena, kisiwa chake cha Atlantiki ya Kusini chenye wakazi wapatao 4,500, ambako Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar aliwahi kupelekwa uhamishoni. Meli iliyokuwa ikikihudumia kisiwa, RMS St Helena, ilikuwa imezeeka. Ama ipatikane nyingine na ruzuku iendelee mwaka hadi mwaka, ama ujengwe uwanja wa ndege kwa matumaini kwamba watalii watakiwezesha kisiwa kujitegemea. Ulichaguliwa uwanja, kwa takriban paundi milioni 285. Naona meli ingetosha.

Mkaguzi: Ukizigawa fedha hizo, mkuu, kila mkazi anapata zaidi ya paundi 60,000. Kinachoniuma zaidi ni upepo: uwanja ulipaswa kufunguliwa Mei 2016, lakini safari za majaribio zikakuta upepo unaogeuka ghafla pale ndege inapokaribia kutua, na abiria wakasubiri hadi Oktoba 2017. Hilo lilipaswa kujulikana kabla mkataba haujasainiwa.

Muuguzi Mstaafu: Mnahesabu watalii, wanangu, mnasahau wagonjwa. Meli ilichukua siku tano hadi Cape Town, na ikishaondoka ilibidi kusubiri izunguke hadi irudi. Hata kushuka gatini, abiria aliletwa kwa mashua, akashika kamba inayoning'inia ili wimbi lisimwangushe. Mfikirieni mjamzito mwenye uchungu wa hatari akipita hapo. Ndege ya wagonjwa ilitua Juni 2016, wakati uwanja bado unalaumiwa.

Wakili: Namuunga mkono mama. Sheria ya Uingereza ya Maendeleo ya Kimataifa ya 2002 hailazimishi msaada kwa maeneo ya ng'ambo upimwe kwa kigezo cha kupunguza umaskini, kama unavyopimwa kwa nchi nyingine. Wakazi wale ni raia wake, kwa hiyo swali si kama wanastahili, bali ni njia ipi inawafikia vizuri zaidi.

Baharia wa Tanga: Hoja ya wagonjwa imenigusa, na kauli yangu kwamba meli ingetosha naiondoa. Hata hivyo, mizigo ya kisiwa bado inakwenda kwa meli, kwa hiyo gharama ya uwanja ilipaswa kujumlishwa na ya meli ya mizigo tangu siku ya kwanza.