Fidia ya ajali ya ndege: tuchukue hela ya bima, tuweke wakili, au tuwape hawa wa Marekani?

Mzawa wa Nyegezi
Habari za jioni wakuu. Dada yangu aliumia mgongo, ndege ilipitiliza ranwei wakati wa kutua. Bima ya shirika wameleta ofa ya milioni 18 na fomu ya kumaliza madai. Wakili wa hapa Mwanza anataka hela ya kuanzia, halafu asilimia 20. Kuna na jamaa wa WhatsApp, anasema ofisi yao iko Marekani, hatutoi hata senti mpaka tushinde, wao wachukue asilimia 35. Bima wanataka jibu Ijumaa. Kipi bora?

Msomi Mchovu
Mkuu, hapo hujaeleza kitu. Safari ilitoka wapi kwenda wapi? Ajali ya lini? Mgongo ni mfupa au misuli? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Kipanga88
Milioni 18 achana nayo! Mkataba wa Montreal wa 1999 unampa kila abiria dola laki mbili, na Tanzania imo. Anaibiwa mchana kweupe huyo.

Dalali wa Bima
Kipanga, usimpotoshe mwenzio. Kiwango ni SDR 151,880, ile sarafu ya mahesabu ya IMF, na ni kweli inakaribia dola 200,000. Ila si zawadi. Maana yake, mpaka hapo shirika haliwezi kujitetea kwamba halikuzembea. Hasara yako unaithibitisha mwenyewe: risiti, ripoti ya daktari, mshahara uliokatika. Ukidai zaidi ya hapo, wanaweza kuchomoka wakionyesha uzembe haukuwa wao. Halafu kiwango hicho kimeanza tarehe 28 Desemba 2024, kabla yake kilikuwa 128,821. Ndiyo maana unaulizwa tarehe. Na mkataba wenyewe ni wa safari za kimataifa.

Mama Rehani
Mzawa mdogo wangu, kabla ya hizo SDR nisikilize mimi. Baba yangu mdogo alivunjika nyonga kwenye kandege ka abiria wachache, sitaki kutaja la nani. Mtu wa bima alimfuata wodini. Mzee ana dripu, mkono wa kulia umefungwa hogo, fomu ya Kiingereza imewekwa juu ya sinia la uji. Hakuweza kushika kalamu, wakamchovya kidole gumba cha kushoto kwenye wino. Shangazi alikuwa ametoka kununua dawa, aliporudi anakuta mzee ana hundi na kidole cha bluu. Tukafurahi, maana hela ilikuja haraka kweli. Baadaye nyonga ikakataa kuunga, daktari akasema iwekwe ya chuma. Tulipowarudia bima tukaonyeshwa mstari mmoja tu kwenye ile fomu: madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, yamekwisha. Tuliuza kiwanja cha Usagara. Dada yako asisaini kitu kabla daktari hajasema kwa maandishi kwamba mgongo umefikia mwisho wa kupona. Ijumaa yao ni yao.

Pwani Tulivu
Pole sana Mama Rehani. Huku kwetu Kenya, Sheria ya Mawakili haitambui makubaliano ya wakili kulipwa ukishinda tu, kwa hivyo huyo wa WhatsApp aseme amesajiliwa wapi. Watu waliona familia za ET302, ile ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka 2019, zikishtaki Chicago, wakadhani kila ajali ni ya Marekani. Wale walimshtaki mtengenezaji. Boeing makao yake yalikuwa Chicago wakati huo, na mfumo wa MCAS, ule wa kuinamisha pua ya ndege wenyewe, ndio uliokuwa na kasoro, hata Novemba 2021 kampuni ikakubali kuwajibika. Wewe unadai shirika la ndege. Chini ya Montreal unashtaki kwenye makao yake, ilikonunuliwa tiketi, safari ilikokuwa inaishia, au anakoishi abiria kama shirika linahudumu huko. Marekani inaingilia wapi?

Mzawa wa Nyegezi
Asanteni. Ajali ilikuwa Machi 2025, Dar kuja Mwanza. Dada alikuwa anatoka Muscat, anafanya kazi kule. Tatizo lingine, usiku hapati usingizi, na akisikia ndege inapita anatoka nje. Hilo nalo linalipwa?

Kipanga88
Hilo halilipwi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1991, hofu peke yake hamna.

Msomi Mchovu
Ile ilikuwa ya mkataba wa zamani, wa Warsaw. Mahakama ya Ulaya mwaka 2022 ilisema madhara ya akili nayo yanalipwa, yakiwa na ushahidi wa daktari na yanahitaji matibabu. Sisi tutamfuata nani, sijui. Ila dada hana hofu tu, ana mgongo.

Dalali wa Bima
Tusikimbie. Mzawa, Muscat mpaka Mwanza ilikuwa tiketi moja?

Mzawa wa Nyegezi
Ya Muscat hadi Dar alikata mwajiri. Ya Dar hadi Mwanza nilimkatia mimi kwa simu.

Dalali wa Bima
Basi hiyo ni safari ya ndani. Montreal weka pembeni, unarudi kwenye sheria za nchi.

Msomi Mchovu
Si haraka hivyo. Kifungu cha kwanza kinasema safari za mashirika kadhaa ni moja kama pande zote ziliichukulia hivyo, hata mikataba ikiwa miwili.

Dalali wa Bima
Pande zote! Shirika la ndani lilijuaje kama katoka Muscat?

Pwani Tulivu
Mizigo ilipitishwa moja kwa moja au aliichukua Dar? Kuponi za tiketi bado mnazo? Na chini ya Montreal muda wa kushtaki ni miaka miwili tu, msitegemee mazungumzo na bima yausimamishe.

Mzawa wa Nyegezi
Kuponi ziko kwa mwajiri. Ngoja nimpigie.

Kipanga88
Wakati tunamsubiri, mimi sanduku langu lilikuja limechelewa wiki nzima. Nadai wapi?

Dalali wa Bima
Fungua uzi wako. Na kama hukuwaandikia ndani ya siku 21, usihangaike kuufungua.