Naomba ushauri: mzee wangu hataki kuzungumzia shule ya wakoloni

Wakuu, shikamooni. Niko Tabora mjini. Juzi tuliangalia filamu ya makala kuhusu wenyeji wa asili wa Kanada. Watoto zaidi ya 150,000 walipelekwa shule za bweni za serikali na makanisa, wakakatwa nywele, wakachapwa kwa kuongea lugha ya kwao. Serikali iliomba radhi 2008, lakini shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Juzi tu hapo!

Baba yangu, aliyesoma misheni kabla ya Uhuru, alikuwa amekaa nasi. Akasema, "Sisi tulivishwa kibao shingoni ukikutwa unaongea Kinyamwezi." Akajishika shingo, akanyamaza. Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Sifananishi mateso yetu na ya wale, ila nimeelewa kwa nini nyumbani alitulea kwa Kiswahili pekee. Wanangu leo wakishasema "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, wamemaliza.

Natamani kumrekodi akiwa bado na kumbukumbu: habari za kile kibao, na aliyosimuliwa na wazee wake kuhusu Mtemi Isike, mtawala wa Wanyamwezi wa Unyanyembe hapa Tabora, aliyejilipua bomani mwaka 1893 ili Wajerumani wasimkamate. Nikimuuliza, anahamia kwenye habari za maembe.

Waliowahi kuhoji wazee, mlianzia wapi? Nimwachie mjukuu amuulize? Na simu mezani haiwatii hofu? Pia, kama kuna anayefundisha watoto Kinyamwezi hapa mjini, tafadhali anielekeze. Sitaki kumlazimisha mzee, lakini kunyamaza naye kunaniumiza.