Mjadala: Windows ni programu, au programu ni zile zinazowekwa juu yake?

Risiti nyingi za mafundi hapa Tanga huweka "kupiga Windows" mstari wake na "kuweka programu" mstari mwingine. Mgawanyo huo ni sahihi?

Fundi, Ngamiani: Sahihi kabisa. Programu unaifungua, unaifunga, kompyuta inaendelea. Windows ikizimwa, kazi zote zimekwisha. Tena ni maelfu ya mafaili; utaita programu lipi?

Mwalimu, Chumbageni: Kwa heshima, fundi, ingia C:\Windows\System32 utafute ntoskrnl.exe. Hicho ndicho kiini (kernel) cha Windows, sehemu inayoongoza mashine yote, nacho ni faili la .exe kama la Excel: maelekezo yanayotekelezwa na prosesa. Kwenye mashine ya UEFI (programu ya ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta), faili la kuwashia, bootmgfw.efi, humpokeza winload.efi, naye hupakia kiini kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi. Ni programu inapakia programu, mwanzo hadi mwisho.

Fundi: Basi mbona Excel haigusi diski moja kwa moja, na kiini kinagusa?

Mtunga programu, Raskazone: Hapo umegusa penyewe, kaka. Tofauti ni mamlaka. Kwenye prosesa za x86, kama za Intel na AMD, kiini hukaa ngazi 0, yenye mamlaka yote, Excel ngazi 3, yenye mamlaka madogo. Excel ikitaka kuhifadhi faili hukiomba kiini. Ikivamia kumbukumbu isiyo yake, prosesa huikatiza na kiini huifunga. Kiini chenyewe kikiharibu, hakuna wa juu yake wa kukifunga, ndipo Windows nzima inasimama na skrini ya kosa, ile iliyokuwa ya bluu kwa miaka mingi. Lakini kwa wingi wa mafaili uko sawa: Windows nzima ni fungu la programu, si moja.

Mwanasheria, Bombo: Hoja ya fundi ilishafika mahakamani Marekani. Kampuni ya kompyuta ya Franklin ilinakili mfumo endeshi wa Apple, yaani programu za kuendesha mashine kama Windows, ikajitetea kuwa ule ni njia tu ya kuendesha mashine. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufaa iliikataa hoja hiyo: mfumo endeshi nao ni programu, hakimiliki inaulinda.

Mwalimu: Na mteja anaumia tusipoelewa hili. Faili la kuwashia likiharibika, wengi hufomati diski na nyaraka zote zinapotea. Washa kwa flashi ya Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri), tumia amri ya diskpart kuipa sehemu ya EFI, ile ya diski yenye mafaili ya kuwashia, herufi S, kisha andika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI, irudishe mafaili hayo upya. Hakikisha kwanza herufi ya Windows, maana humo C yaweza kuonekana D.

Fundi: Hilo la bcdboot nalikubali. Risiti nitaendelea kuitenganisha, kwa kuwa leseni ya Windows na ya Office hununuliwa mbalimbali.