Naomba ushauri: tunabadilisha seti ya kipindi cha asubuhi, tuanze na nini?

Ziwani

Wakuu, habari za leo. Nina jambo linalohitaji watu wenye uzoefu wa studio, ila hata ninyi watazamaji wa kawaida msipite kimya.

Nasimamia kipindi cha asubuhi kwenye kituo kimoja cha televisheni hapa Mwanza. Tunaingia hewani saa 12 kamili hadi saa 3, Jumatatu mpaka Ijumaa: habari, kuperuzi magazeti, mgeni wa mahojiano, michezo, halafu simu za watazamaji. Seti tunayotumia, yaani kuta, meza na makochi ya studio, ilijengwa enzi za analojia, picha ikiwa bado ya 4:3 (upana 4 kwa kimo 3). Tulipohamia dijitali picha ikapanuka, pembeni pakabaki patupu, tukapaziba kwa mabango ya kuchapisha. Mabango hayo sasa yamepauka, na moja lina mkunjo unaoonekana kila kamera ya pili inapomchukua mgeni.

Chumba ni mita 8 kwa 6, dari iko mita 3. Kamera tunazo tatu. Taa ni halojeni sita za wati 800. Ukuta wa magharibi una dirisha kubwa lililozibwa kwa plaiwudi tangu mwanzo. Ukiitoa unaliona ziwa na yale mawe yetu.

Uongozi umetenga shilingi milioni 40. Bosi anataka karibu zote ziende kwenye skrini kubwa ya LED nyuma ya watangazaji, kwa kuwa vituo vikubwa vya Dar vinafanya hivyo. Mimi natamani lile dirisha lifunguliwe, watu wa Mwanza waamke na kuuona mji wao. Lakini kikaoni zinatakiwa hoja, si matamanio. Mngekuwa ninyi mngeanzia wapi?

Fundi Taa

Anza na taa, mkuu. Ukichagua skrini utabadilisha taa, ukichagua dirisha utabadilisha taa, kwa hiyo hapo hakuna mjadala.

Rangi ya mwanga inapimwa kwa kelvini. Halojeni inatoa mwanga wa kelvini 3200, ule wa njano. Mwanga wa mchana ni kama 5600. Fungua dirisha huku halojeni zinawaka, utapata watangazaji wenye rangi sahihi na ziwa la buluu kama wino, au ziwa sahihi na watangazaji wa rangi ya chungwa. Na skrini nyingi za LED nazo zinaelemea upande wa buluu. Halafu wati 800 mara sita ni wati 4800, na karibu zote ni joto ambalo kiyoyozi kinapigana nalo asubuhi nzima. Paneli ya LED ya wati 100 hadi 150 inaweza kuishika nafasi ya halojeni moja.

Usinunue kwa kuangalia wati peke yake. Tafuta zenye CRI, kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa usahihi, ya 95 kwenda juu. Zile za bei ya kutupa huifanya ngozi yetu iwe ya kijivu, wakati mwingine na ukijani kwenye mashavu. Nenda dukani na kamera yenu mwenyewe, mwambie muuzaji awashe, mrekodi mwenzako mweusi na mwenzako maji ya kunde wakiwa wamekaa pamoja, mkaangalie ofisini. Muuzaji akikataa, hama duka.

Jambo la pili, rangi ya ukuta. Ukuta mweupe au wa krimu nyuma ya mtu mweusi unawaumiza. Kamera ikijipimia mwanga yenyewe inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unabaki gizani. Ukuta mweusi tii nao unameza nywele na koti. Chukua rangi ya kati, kijani cha bahari au kahawia ya udongo, kisha kila mtangazaji awe na taa ya nyuma inayomchora mabega na kichwa. Taa hiyo ndiyo seti nyingi za mikoani zinakosa.

Paneli P

Mimi nafunga skrini za LED, na nitasema ukweli hata kama unanikosesha kazi.

Skrini zinapimwa kwa umbali kati ya nukta na nukta. P2.5 maana yake milimita 2.5. Ili P2.5 ikupe picha kamili ya HD yenye nukta 1920 kwa 1080, inabidi iwe na upana wa mita 4.8 na kimo cha mita 2.7. Kwenye dari la mita 3 hiyo ni ukuta mzima. Ukipunguza ukubwa unapunguza nukta, na maandishi madogo yanaanza kumeguka. Ukishuka hadi P1.8 bei inapaa.

Halafu nafasi. Kamera ikilenga skrini yenyewe, mistari ya kamera na nukta za skrini zinagongana, unapata yale mawimbi ya rangi yanayotembea. Dawa yake ni watangazaji wakae angalau mita 2 mbele ya skrini na kamera ilenge nyuso zao, ili skrini nyuma ilainike kidogo. Weka hizo mita 2, weka kochi, weka mita 3 na nusu hadi kamera, weka na mpiga picha mwenyewe. Mita zako 8 zimeisha.

Bosi akishikilia msimamo, basi muulize muuzaji kasi ya kuonyesha upya, yaani skrini inachora picha mara ngapi kwa sekunde: iwe hertzi 3840. Zile za 1920 zinazouzwa kwa matangazo ya barabarani na kumbi za harusi hutoa michirizi myeusi kwenye kamera. Kasi ya shata ya kamera iwekwe 1/50 ya sekunde, maana tunarusha picha 25 kwa sekunde na umeme wetu ni hertzi 50. Na mnunue vipande vya akiba siku hiyohiyo kutoka toleo lilelile. Kipande cha mwaka kesho hakitafanana rangi na vya leo, na kitaonekana.

Kamera Moja

Niko upande wa dirisha, lakini lina masharti.

Kwanza una bahati ya ramani. Ziwa liko magharibi, jua linachomoza nyuma ya jengo lako, kwa hiyo asubuhi yote halitaingia kwenye kamera. Linaangaza mawe na maji kwa mbele. Dirisha lingekuwa mashariki ningekwambia liache lilivyo.

Shida ni nusu saa ya kwanza na zaidi. Mwanza jua linatoka kati ya saa 12 na nusu na saa 1 hivi, kutegemea mwezi. Saa 12 mnapoanza, nje ni giza na ndani kuna taa, na kioo katika hali hiyo kinageuka kuwa cha kujitazamia. Mtazamaji ataona migongo ya watangazaji, kamera tatu na mpiga picha akipiga mwayo. Kioo kifungwe kwa kuinamishwa kidogo, juu kije ndani, ili kiakisi sakafu. Ukuta ulio nyuma ya kamera upakwe nyeusi au uwekwe pazia jeusi, na wapiga picha wavae nguo nyeusi.

Kisha kukipambazuka mwanga wa nje unapanda dakika kwa dakika na kuzidi wa ndani. Weka mapazia mawili ya kuvuta ya filamu nyeusi inayopitisha mwanga, moja nyepesi, moja nzito. Mtu mmoja apewe kazi ya kuyashusha wakati wa matangazo ya biashara. Hii si ndoto. Kipindi cha asubuhi cha Today cha kituo cha NBC kule New York kilizinduliwa mwaka 1952 kwenye studio yenye dirisha la barabarani, na tangu 1994 kiko Studio 1A, yenye vioo vinavyotazama uwanja wa Rockefeller. Watu wanasimama nje kuangalia. Ninyi mna ziwa.

Mtandao Kasi

Mbona mnajitesa? Kitambaa cha kijani, kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, programu ya studio kama vMix inayoondoa kijani na kuweka picha nyingine, unapata seti yoyote unayotaka kwa robo ya fedha hiyo. Leo ziwa, kesho Ngorongoro.

Fundi Taa

Mtandao Kasi, kwa taarifa ya dakika kumi sawa. Kwa saa tatu na wageni sikubali. Kijani kinataka mwanga sawasawa ukutani na mtu akae mbali nacho, la sivyo kinamrudia shingoni. Mama akija na kitenge chenye kijani, nusu ya gauni inapotea. Na kamera ikisogea bila kifaa cha kufuatilia mwendo wake, mandhari yanabaki palepale na mtu anaelea. Mtazamaji anajua kuna kitu si cha kweli hata kama hawezi kukitaja.

Dada wa Saa Kumi na Mbili

Mimi ni mtangazaji wa asubuhi, si Mwanza. Naomba niseme kwa niaba ya wanaokaa kwenye hizo seti.

Kochi liwe gumu. Makochi laini ya sebuleni yanakuzamisha, magoti yanapanda juu ya kiuno, koti linajikunja shingoni, na dada aliyevaa sketi anatumia kipindi kizima akiivuta badala ya kumsikiliza mgeni. Kikalio kiwe sentimita 45 hivi kutoka chini, kisiwe kirefu kwenda nyuma. BBC walipoanza kipindi chao cha asubuhi Januari 1983 waliweka kochi jekundu, na kochi jekundu bado ni sura ya BBC Breakfast. Kitu kimoja kizuri cha kukaliwa kinakumbukwa kuliko skrini.

Magazeti sasa. Hapo ndipo watu wetu wanapofungulia televisheni, na hapo ndipo seti nyingi zinaharibu. Gazeti linashikwa mkononi, linatikisika, kona inajikunja, kamera inasoma kichwa kikubwa tu. Ukurasa wa mbele ni wa wima na skrini kubwa za ukutani zimelala, kwa hiyo ukirushwa pale unakuwa kamba nyembamba katikati. Sisi tulisimamisha televisheni ya inchi 65 wima, pembeni ya kochi. Ina upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 1.4, ukurasa unajaa wote, nasimama kando yake nikionyesha kwa kidole. Gazeti lenyewe linabaki mezani. Nunueni ile ya matangazo ya madukani iliyotengenezwa kusimama wima, maana ya nyumbani haikupangiwa kutoa joto ikiwa hivyo.

Pwani 254

Nawasalimu kutoka Mombasa. Dada kasema kweli kuhusu magazeti. Lakini kabla hamjapanga chochote, chora kwanza sanduku la mkalimani wa lugha ya ishara. Hapa Kenya sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 ilivitaka vituo viwe na mkalimani au maandishi kwenye taarifa za habari, na kwingi anakaa kona ya chini kulia. Nimeona seti mpya nzuri sana ambapo mkalimani amemfunika mgeni nusu, kwa kuwa hakuna aliyemhesabu mwanzoni. Kona hiyo iwe tupu katika kila picha, na mstari wa habari chini usimkate mikono.

Mama Chapati

Mimi ni mtazamaji tu. Asubuhi siangalii, nasikiliza. Niko jikoni, watoto wanatafuta soksi. Kituo kimoja kilibadilisha studio, ikawa inapendeza kwelikweli, lakini sauti ikawa kama wanaongelea bafuni. Nikahama. Msisahau sauti.

Ziwani

Mama Chapati, ahsante sana, hilo halikuwa hata kwenye orodha yangu. Dari letu ni jipsamu na sakafu ni vigae. Dirisha likifunguliwa tutaongeza kioo, na barabara ya chini ina bodaboda.

Fundi Taa

Kioo kiwe mara mbili chenye nafasi katikati. Kapeti chini ya seti yote. Ukuta mweusi wa nyuma ya kamera alioutaja Kamera Moja, badala ya rangi weka pazia zito lenye mikunjo: linaua mwangwi na linaua taswira kwenye kioo kwa fedha moja.

Ziwani

Nimekaa na mhasibu. Mpango ninaoupeleka: taa kwanza, zote. Kioo mara mbili cha kuinama na mapazia yake. Pazia jeusi na kapeti. Televisheni moja ya wima. Kochi gumu la rangi ya udongo. Kuta mbili za pembeni za mbao. Skrini ya LED namwambia bosi tuiache mpaka tupate chumba kirefu zaidi, na hesabu ya Paneli P naichora kwa chaki sakafuni aione kwa macho yake kamera inapoishia.

Swali lililobaki ni la fundi. Seremala wetu anapendekeza MDF, ile bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa, kila mahali, ipakwe rangi ya mafuta. Niko karibu na ziwa. Ni sawa?

Seremala Buguruni

Usikubali, mkuu. MDF ikinyonya maji inavimba na hairudi. Hata kama unyevu wa ziwa hautaigusa, dada wa usafi anapiga deki kila jioni na maji yanapanda kwenye ukingo wa chini. Sentimita 20 za chini weka plaiwudi ya majini, juu yake MDF inafaa kwa kuwa uso wake ni laini. Fremu iwe ya paini iliyokauka vizuri, na ugawe kuta kwa vipande vya futi 8 kwa 4 kama bodi zinavyokuja, kila kipande na bolti zake, ili siku mkihama chumba mnavibeba.

Rangi ya mafuta inang'aa, taa zitaonekana ukutani kama madoa. Pakeni ya maji, isiyong'aa kabisa, na meza pia iwe hivyohivyo, bila kioo juu. Toboa tundu la nyaya kwenye mguu wa meza kabla ya kupaka, upande wa nyuma, lipitishe plagi na si waya peke yake. Mafundi wengi wanatoboa dogo, halafu siku ya kufunga mnaikata meza mpya kwa msumeno.