Je, huwa mnaamuaje nani wa kumchangia na nani wa kumkatalia?

Msomaji Kimya aliandika:

Wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitoa michango kwa namna ambayo, nikiitazama kwa makini, siwezi kuiita uamuzi. Anayenijia nikiwa na fedha hupata, na anayenijia zikiwa zimekwisha hukosa, hata kama shida yake inazidi ya yule aliyemtangulia. Hivi karibuni niliketi nikajumlisha yote niliyotoa katika mwaka mmoja, nikaona kwamba sehemu kubwa ilikwenda kwa wale waliojua kuomba: picha ya mtoto mgonjwa, ujumbe wa simu uliorudiwa mara tatu, rafiki aliyenitajia mchango mbele ya watu nikaona haya kukataa. Hakuna hata mchango mmoja ambao mimi mwenyewe niliuchagua kabla ya kuombwa.

Naomba kujua wenzangu mnafanyaje. Mnapangaje kiasi, na mnachaguaje pa kukipeleka? Tena kuna jambo la gharama za uendeshaji: shirika moja ninalolifikiria linasema asilimia 8 tu ya mapato yake huenda kwenye utawala, na jingine linakiri kwamba ni asilimia 30. Je, hilo peke yake linatosha kunifanya nichague la kwanza?

Mizani alijibu:

Ndugu Msomaji, usijilaumu kupita kiasi kwa sababu ya ile picha. Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha majaribio ambayo washiriki walilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso, kisha wakapewa barua ya kuomba mchango. Waliosoma habari za msichana mmoja mwenye jina walitoa wastani wa dola 2.38, ilhali waliosoma takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa dola 1.14. Linaloshangaza zaidi ni kundi la tatu, lililopewa msichana na takwimu kwa pamoja: wastani wao ulishuka hadi dola 1.43. Hesabu haikuongeza huruma, iliipunguza.

Kuna utafiti mwingine wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambao watu waliulizwa wangekuwa tayari kulipa kiasi gani ili mabwawa yenye mafuta yafunikwe nyavu na ndege wasife humo. Waliotajiwa ndege 2,000 walisema takribani dola 80, waliotajiwa 20,000 wakasema 78, na waliotajiwa 200,000 wakasema 88. Idadi iliongezeka mara mia na moyo haukusikia tofauti yoyote.

Ninachojifunza hapo ni kwamba wakati wa kuamua ni kabla ya kuombwa, kwa kuwa mwombaji akishasimama mbele yako akili huwa imekwisha kukabidhi usukani. Kiasi kipangwe siku ambayo hakuna anayekuomba. Wanaotoa zaka ya asilimia 2.5 ya mali iliyotimiza masharti yake, na wanaotoa fungu la kumi, wamelitatua swali hili zamani: wao hawajiulizi kila mara kama watoe, wanajiuliza tu pa kupeleka. Asiyefungwa na sheria ya dini yake anaweza kujiwekea kiwango chake mwenyewe.

Kuhusu pa kupeleka, mimi huuliza swali moja: fedha hii itabadilisha nini ambacho kisingebadilika bila yake? Wapo wanaofanya kazi ya kulijibu swali hilo kwa vipimo, kama GiveWell ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo hulinganisha miradi kama ugawaji wa vyandarua vyenye dawa na kuchapisha mahesabu yake ili kila mtu ayakosoe. Si lazima ukubaliane nao, ila namna yao ya kuuliza inafaa kuigwa.

Mtunza Daftari alijibu:

Nimetunza hesabu za mashirika ya hisani kwa muda mrefu, kwa hiyo nitashughulikia lile la asilimia tu.

Usiliamini hata kidogo likiwa peke yake. Mshahara wa dereva anayepeleka dawa ni gharama ya mradi au ya utawala? Na kodi ya jengo ambamo ghorofa ya chini ni stoo ya misaada na ya juu ni ofisi? Kila shirika hugawa mafungu hayo kwa kanuni zake, na mhasibu mwenye bidii anaweza kuishusha asilimia 20 hadi 10 bila kusema uongo wowote. Isitoshe, shirika linaloogopa kuonekana lina gharama kubwa litaajiri wakaguzi wachache, litaacha kupima matokeo, na litatumia kompyuta mbovu zinazopoteza kumbukumbu za walengwa. Mwaka 2013 taasisi tatu za Marekani zinazowasaidia wachangiaji kuyachunguza mashirika, zikiwemo GuideStar na Charity Navigator, ziliandika barua ya wazi kuwaomba watu waache kuyapima mashirika kwa kipimo hicho kimoja. Bila shaka, ukikuta asilimia 70 inaishia ofisini, kimbia.

Mimi hutafuta mambo mengine. Je, hesabu zimekaguliwa na mkaguzi wa nje, na ripoti ipo wazi au mpaka uibembeleze? Je, ripoti inataja mradi wowote ulioshindwa? Shirika ambalo miaka kumi mfululizo limefanikiwa katika kila jambo linanitia wasiwasi kuliko lile la asilimia 30.

Jambo jingine ambalo wachangiaji hulisahau ni kuifunga fedha kwa kazi moja. Baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi ya Desemba 2004, michango ilimiminika hata madaktari wa shirika la misaada la Médecins Sans Frontières wakatangaza, siku chache tu baadaye, kwamba fedha walizopata kwa ajili ya janga hilo zilitosha. Kisha wakawaandikia wachangiaji kuomba ruhusa ya kuzitumia kwenye dharura nyingine, na wengi wao walikubali. Ukishaliamini shirika, liachie nafasi ya kuamua. Na kama unaweza, toa kidogo kila mwezi badala ya kikubwa mara moja, maana mishahara ya wauguzi hailipwi kwa msimu wa majanga.

Binti Mkaidi alijibu:

Nimewasoma kaka zangu wote wawili kwa heshima, lakini mnazungumza kana kwamba kutoa kote hupitia mashirika. Nusu ya ninachotoa huenda kwa watu ninaowajua: ada ya mtoto wa ndugu, dawa za jirani. Hapo sihitaji ripoti ya mkaguzi, kwa sababu nikipita naona kama mtoto yuko shuleni. Najua fedha hiyo ingefanya makubwa zaidi mbali na hapa, na bado sioni kwamba nimekosea, kwa kuwa ukaribu nao huleta wajibu ambao mgeni hawezi kuubeba kwa niaba yangu. Ninachokubaliana na Mizani ni kupanga kiasi mapema. Rafiki akiomba mbele ya watu, namwambia fungu la mwezi huu limekwisha, na huwa ni kweli.

Msomaji Kimya alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimetenga fungu la mwaka na kuligawa: kubwa liende kwa shirika moja au mawili kila mwezi, dogo libaki kwa watu wa karibu na kwa yale yatakayonigusa ghafla, kwani sitaki kuwa mtu asiyeguswa.

Nimelijaribu pia swali la Mtunza Daftari. Niliyaandikia mashirika yangu yote mawili kuuliza ni mradi gani ulioshindwa mwaka uliopita. Lile la asilimia 30 lilinitumia kurasa mbili kuhusu visima vilivyoharibika kwa kukosa vipuri, na jinsi walivyobadilisha utaratibu wa matengenezo. Lile la asilimia 8 lilinishukuru kwa moyo wangu wa upendo, likanitumia picha nyingine ya mtoto.

Mtunza Daftari alijibu:

Waulize hao wa visima ni nani sasa anayetunza vipuri. Wakikujibu kwa jina la cheo na bajeti yake, anza kutoa.